Uchambuzi wa kisa: ruzuku ilianza kuja kila mwezi, ufaulu ukashuka

Kisa hiki ni cha shule moja ya msingi ya serikali, kijijini huko Kanda ya Ziwa, Tanzania. Nilikuwa mwalimu wa taaluma pale kuanzia 2015 mpaka mwishoni mwa 2019. Jina la shule, kata na wilaya nimevitoa, na namba za shule nimezisogeza kidogo ili isijulikane ni wapi, ila uwiano wake uko vile vile. Nawaandikia walimu wakuu, wajumbe wa kamati za shule na wazazi wanaouliza kila siku mbona serikali inatoa hela na watoto bado hawafaulu. Swali hilo nimeulizwa mimi mwenyewe kwenye mkutano wa kijiji, mbele ya watu, na siku ile sikuwa na jibu la maana.

HALI ILIVYOKUWA KABLA YA 2016

Mwaka 2015 tulikuwa na wanafunzi 640 na walimu 11. Ada ya shule ya msingi ilishafutwa toka 2001 wakati wa MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, lakini michango ilibaki, na kusema kweli michango ndo ilikuwa inaendesha shule. Kwetu ilikuwa shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka, ndani yake kuna mtihani, mlinzi, na kumlipa mama wa uji. Mahindi na kuni mzazi analeta pembeni. Walikuwa wanalipa kama nusu tu ya wazazi, hao wengine unawafuata mpaka basi, na kuna watoto walikuwa wanarudishwa nyumbani kwa ajili hiyo, jambo ambalo lilikuwa linaniuma sana maana anayerudishwa ni yule yule ambaye kwao hamna kitu. Hiyo nusu ilituletea kama milioni 3 na laki 2 kwa mwaka.

Ruzuku ya uendeshaji kwa kiwango cha serikali ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, 4,000 inabaki juu serikalini kwa ajili ya vitabu na 6,000 ilitakiwa ifike shuleni. Ilitakiwa. Kwetu mwaka ule ilifika kama 1,500 kwa kichwa, kwa vipande, na hujui kipande kijacho ni lini. Ukijumlisha na michango tulikuwa tunaendesha shule kwa kama 6,500 kwa mtoto. Naomba msomaji aishike hiyo namba.

Matokeo ya darasa la saba 2015: waliofaulu 31 kati ya 58. Sio shule ya kujivunia ila pia sio ya mwisho kwenye kata.

KILICHOTOKEA, 2016 NA 2017

Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 ukatoka, elimu bila malipo ikaanza Januari 2016. Mambo mawili yalitokea wiki moja.

La kwanza ni watoto. Mwaka uliotangulia tuliandikisha 95 darasa la kwanza, safari hii wakaja 210. Wazazi walileta watoto wa miaka 6, wa 9, mmoja nakumbuka alikuwa na miaka 12 amekuja na mdogo wake wameshikana mikono na wote wanaandikishwa darasa moja. Jumla tukawa 860. Hilo ni jambo kubwa na jema na sitaki mtu asome kisa hiki akadhani napinga elimu bila malipo, maana wale 115 wa ziada walikuwepo kijijini siku zote, wanachunga, wanauza karanga stendi, wanalea wadogo zao. Hela ya serikali ndo iliyowafungulia geti.

La pili ni ruzuku yenyewe. Ilianza kuingia moja kwa moja kwenye akaunti ya shule kila mwezi, bila kupita mikono ya mtu, na haikukatika. Kwa mtu aliyezoea kusubiri miezi 5 hiyo ilikuwa raha. Tatizo ni hesabu. Miezi 6 ya kwanza iliyoingia ilikuwa 320,000 kwa mwezi, yaani 640 mara 6,000 gawa kwa 12, idadi ya mwaka jana. Takwimu mpya tulizituma mapema ila zilianza kuonekana kwenye hela Julai, ikawa 430,000. Kwa mwaka mzima tukapata milioni 4 na nusu kwa watoto 860, na michango ikawa sifuri. Gawanya hapo: kama 5,200 kwa mtoto. Redio inasema serikali inamwaga mabilioni kwenye elimu, na ni kweli inatoa, halafu sisi shuleni kila mtoto ana hela pungufu kuliko mwaka jana.

Mzazi hawezi kujua hilo. Yeye amesikia bure. Mama wa uji alikuja wiki mbili akajitolea, wiki ya tatu hakuja, masufuria yakawekwa stoo. Mlinzi naye akaondoka Machi.

Niingie darasani kidogo. Darasa la kwanza tulikuwa na chumba kimoja na wale 210 tukawagawa asubuhi na mchana, 105 kwa 105. Madawati 22. Walimu wa darasa la kwanza na la pili walikuwa wamepata mafunzo ya KKK, mtaala mpya wa kusoma, kuandika na kuhesabu, na mafunzo yenyewe yalikuwa mazuri kabisa, ila yalimtaka mwalimu awe na kadi za herufi, vitabu vya hadithi, vifaa vya kushika. Mwalimu wetu alikata mifuko ya saruji, akaigeuza upande wa ndani, akaandika ba be bi bo bu kwa mkaa uliochanganywa na uji wa muhogo ili ushike. Kadi zilikuwa 30. Watoto waliokaa sakafuni nyuma walikuwa wanaitikia tu kwa wimbo, mwalimu akinyanyua kadi ya "bi" wao washafika "bu". Ukiwaskia kwa nje ungesema darasa linasoma vizuri sana.

Kuwahudumia hao ilibidi tutoe walimu juu. Tuliwashusha wawili, mmoja wapo alikuwa wa Hisabati darasa la sita na la saba. Hapo ndo tulipoumia, na sikuona mapema.

Na majaribio ya Ijumaa yakafa. Zamani mchango wa mtihani ulikuwa unalipia fotokopi. Darasa la saba watoto 66, karatasi 4 kwa somo, shilingi 50 kwa ukurasa, hiyo ni 13,200 kwa somo moja, masomo 5 ni 66,000 kwa jaribio moja la darasa moja. Ruzuku ina mgawanyo wake wa asilimia kwa kila fungu na fungu la mitihani kwetu halikuwa linafika laki moja kwa mwezi, na hapo kuna darasa la nne pia wana mtihani wa taifa. Kwa hiyo jaribio likawa mara moja kwa muhula.

Katikati ya 2016 ikaja kampeni ya madawati nchi nzima, Rais Magufuli alitoa mwisho Juni 30, Bunge likatoa bilioni 6 ilizobana kwenye matumizi yake, mikoa ikahangaika, na kweli tulipata. Watoto wote wakakaa. Nilifurahi. Ufaulu ule mwaka ukawa 27 kati ya 61.

Mwaka 2017 ukaja uhakiki wa vyeti, watumishi zaidi ya 9,900 nchini wakakutwa na vyeti vya kughushi, na mmoja alikuwa wa kwetu. Tukabaki 10. Baadaye tukaletewa mwalimu wa sekondari wa masomo ya sanaa, maana huko walikuwa wamezidi, mtu mzuri, ana bidii, ila hajawahi kufundisha mtoto mdogo kusoma na alikuwa anasema wazi. Septemba ile wakafaulu 24 kati ya 66.

MAAMUZI TULIYOFANYA NA KWA NINI

Uamuzi wa kwanza, 2016, ulikuwa kufuata mgawanyo wa ruzuku kama ulivyo, kila fungu na asilimia yake kila mwezi. Mwalimu mkuu aliogopa ukaguzi na simlaumu, maana akikosea anavuliwa madaraka na posho ya laki 2 inaenda. Matokeo yake hela ikawa inavunjika vipande vidogo vidogo: chaki maboksi mawili, bawaba, mpira, nusu rimu. Halafu kuna nauli. Kwenda benki mjini na kurudi, boda na basi, ilikuwa 14,000, na alikuwa anaenda mara mbili mpaka tatu kwa mwezi. Toa elfu 42 kwenye 320,000 uone.

Uamuzi wa pili ulikuja baada ya ule mkutano wa kijiji, Oktoba 2017. Mzee mmoja alisimama akasema, mwalimu, hiyo hela ya serikali mnaiweka wapi? Kelele zikawa nyingi. Kesho yake nikamuomba mwalimu mkuu tubandike hesabu ukutani nje ya ofisi, kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, kwa mwandiko mkubwa. Alisita kama wiki mbili hivi. Tulipobandika, watu walikuja kusoma, na jambo ambalo halikutegemewa ni kwamba mwenyekiti wa kamati alikaa na kalamu akagawanya 430,000 kwa 860 akapata 500 kwa mtoto kwa mwezi. Akarudia mara mbili akidhani kakosea. Toka siku hiyo maneno ya wizi yakaisha na mazungumzo yakabadilika yakawa sasa tufanyeje.

Uamuzi wa tatu ulikuwa kuulizana swali moja kila mwanzo wa mwezi kabla hela haijatoka: hii shilingi itamfikia mtoto akiwa anajifunza nini? Hatukuvunja mafungu, tulipanga ndani ya mafungu. Safari ya benki ikawa moja kwa mwezi na manunuzi yote siku hiyo hiyo. Fungu la vifaa miezi mitatu mfululizo likaenda darasa la kwanza na la pili peke yake: manila, kalamu za rangi, vibao vidogo ambavyo fundi wa kijijini alikata kwa mabaki ya mbao akapaka rangi nyeusi, kila mtoto na chake. Ukimwambia andika "bi" wote wananyanyua juu na mwalimu anaona palepale nani kaandika "di".

Majaribio ya Ijumaa tukayarudisha bila fotokopi, tukawa tunaandika maswali ubaoni. Ijumaa ya kwanza nilikusanya karatasi 66 na 19 kati ya hizo walikuwa wamenakili maswali tu bila jibu hata moja. Nikadhani ni ubao haionekani vizuri nyuma. Nikawaita mmoja mmoja. 11 walikuwa hawawezi kusoma swali. Darasa la saba, wamebakiza miezi 9. Kwa hilo tulianza kipindi cha kusoma saa 1:20 asubuhi kuanzia darasa la tatu mpaka la saba, tukachanganya madarasa, mtoto anakaa na wenzake wanaosoma kama yeye bila kujali ni wa darasa la ngapi. Hicho kipindi hakikugharimu kitu zaidi ya nguvu za walimu.

Uamuzi wa nne ni uji. Kamati, sio walimu, ikakubaliana kila kaya ilete debe moja la mahindi baada ya mavuno. Januari 2018 Rais akapiga marufuku michango mashuleni na hofu ikaingia, tukasimamisha kila kitu. Baadaye kamati yenyewe ikaenda kwa mtendaji, wakaandika muhtasari kwamba ni hiari, kwamba hakuna mtoto atakayenyimwa uji wala kurudishwa nyumbani, na mahindi yatatunzwa kwa mjumbe sio shuleni. Waraka Na. 3 wa 2016 unataja chakula cha mtoto wa kutwa kuwa jukumu la mzazi kwa hiyo msingi wa kisheria ulikuwepo, ila tulipoteza miezi 5 kwa woga.

Kosa tulilofanya pia nilitaje. Kwa sababu hela inakuja kidogo kidogo, tuliongea na mwenye duka la steshenari atupe rimu 12 kwa mkopo mwanzoni mwa muhula tuwe tunamlipa kila mwezi. Bei ilikuwa nzuri. Kumbe hana mashine ya EFD, ile ya kutoa risiti za kodi. Mkaguzi alipokuja tukaandikiwa hoja, mwalimu mkuu akaitwa halmashauri kujieleza mara mbili, na kwa miezi kadhaa hakutaka kusaini kitu chochote kipya. Lilikuwa wazo langu.

MATOKEO

2018 walifaulu 41 kati ya 70. 2019 walifaulu 52 kati ya 74. Ruzuku kwa mtoto ilikuwa ile ile 6,000.

Mahudhurio ya asubuhi yalipanda uji uliporudi, hasa siku za Jumatatu na siku ya gulio. Darasa la pili mwaka 2019 waliokuwa hawawezi kusoma sentensi fupi walikuwa wachache kuliko wakati wowote niliokuwepo pale. Upande mwingine, vitabu vilibaki tatizo, kimoja kwa watoto watano na kwa Sayansi ilikuwa mbaya zaidi, maana ile 4,000 ya vitabu haikuwa inapita kwetu na hatukuwa na uwezo wa kuamua lolote. Uhaba wa walimu ulibaki vile vile. Choo cha wasichana hakikuisha.

UCHAMBUZI

Nianze na kile ambacho watu wanakichanganya. Hela ya serikali kwanza inabadilisha nani anaingia darasani, na ndani ya mwaka mmoja ilifanya hivyo kwa watoto 115. Kujifunza kunakuja baadaye sana na kwa njia nyingine. Ukipima elimu bila malipo ya 2016 kwa matokeo ya darasa la saba ya 2016 unapima watoto ambao hawakuguswa na mpango huo vizuri, wameguswa kwa ubaya tu, kwa sababu mwalimu wao wa Hisabati alishushwa kufundisha wadogo. Kushuka kwetu kutoka 31 mpaka 24 mimi nalihusisha zaidi na huyo mwalimu na kufa kwa majaribio kuliko kitu kingine chochote.

La pili ni kwamba ruzuku haikuongezeka juu ya kilichokuwepo, ilikuja ikachukua nafasi yake. Hili sio la kwetu tu. Kuna utafiti ulifanyika Zambia na India ukaonyesha kwamba wazazi wakijua shule inapata ruzuku wanapunguza wanachotumia wao nyumbani kwa elimu ya mtoto, na alama haziongezeki. Ruzuku ambayo hawakuitegemea ndo iliinua alama. Mzazi hafanyi hivyo kwa ubaya. Ana watoto 5, akisikia kuna hela kidogo imetoka mahali pengine anapeleka elfu kumi yake kwenye dawa au mbolea. Kwa hiyo kufuta michango ilikuwa haki, ila mfutaji angeangalia michango ilikuwa inalipa nini kabla ya kuifuta, na kiwango cha 6,000 kikapandishwa kuziba hilo pengo.

La tatu ndo linalonigusa zaidi. Hapa Tanzania 2013 na 2014 Twaweza, shirika lisilo la serikali, walifanya jaribio la KiuFunza kwenye shule za msingi 350 katika wilaya 10. Shule nyingine zilipewa hela tu, nyingine walimu waliahidiwa bonasi mwanafunzi akifaulu kusoma na kuhesabu, nyingine zikapata vyote viwili. Baada ya miaka miwili shule zilizopewa hela peke yake alama hazikutofautiana na zile ambazo hazikupewa kitu. Zilizopata vyote viwili zilipanda, na zilipanda kuliko ukijumlisha faida ya kimoja kimoja. Nilipolisoma hilo niliona shule yangu. 2016 tulikuwa na hela na hatukuwa na kitu kinachoifunga na mtoto anayejifunza. Sisi hatukuwa na bonasi, lakini hesabu ukutani na lile swali la kila mwezi na jina la mtoto asiyejua kusoma vilifanya kazi inayofanana na hiyo. Sisemi hela haina maana. Vibao vidogo ni hela, manila ni hela. Kabla ya hapo hela ile ile ilikuwa inanunua bawaba.

Kuna watu watachukua kisa hiki waseme basi ruzuku inatosha, walimu wajipange tu. Hapana. Kipindi cha saa 1:20 kiliendeshwa na walimu waliotembea kilomita 4 gizani bila kulipwa chochote, wawili walikuwa na watoto wachanga, na mmoja aliacha muhula wa pili kwa sababu za kiafya. Nafasi ya mwalimu wa Hisabati haikujazwa mpaka naondoka. 500 kwa mtoto kwa mwezi haiwezi kununua mwalimu, na hakuna kamati itakayopanga mafungu vizuri mpaka ipate mwalimu ndani yake. Ningerudi nyuma ningefanya mambo mawili tofauti: nisingegusa mwalimu wa Hisabati 2016 bali ningeomba kata wagawane mzigo mapema, na hesabu ningebandika ukutani mwezi ule ule wa kwanza, sio baada ya miezi 21.

Wale 210 wa darasa la kwanza 2016 walifanya mtihani wa darasa la saba 2022. Nilishahama lakini mwalimu mkuu alinipigia simu matokeo yalipotoka. Waliofika chumba cha mtihani walikuwa 131, waliofaulu 96. Nilimuuliza habari za yule wa miaka 12 aliyekuja na mdogo wake. Akaniambia aliishia darasa la nne, yuko mjini anaendesha boda, na mdogo wake yumo kwenye wale 96.